Siku Mama Neema Alipovuta Plagi

Mulembe, Barasa.

Najua ungecheka. Umenifundisha salamu ya kwenu tangu tukiwa wanafunzi pale Kahawa Wendani, na bado naitamka kama mtu anayeuliza bei ya viazi. Leo nimeitamka peke yangu hapa mezani kwangu, Ngoingwa, na hakuna aliyenisahihisha. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kukuandikia. Sababu ya pili ni kwamba walitaka kuiondoa injini yako, na sikuwa na mtu mwingine wa kumlalamikia.

Wacha nianzie pale ulipotuachia, siku tuliyokuzika Bungoma. MC alinipa kipaza sauti akasema, "Njuguna atatuambia huyu kijana wetu alikuwa anafanya kazi gani huko Thika, kwa sababu sisi tulikuwa tunasikia tu kompyuta, kompyuta." Nikasimama mbele ya wazee wenu. Ningewaambia nini? Kwamba kwenye Linux kuna programu inayosimamia vifurushi, yaani inayoleta programu nyingine na kuzipanga kwenye diski? Kwamba ndani yake kuna injini inayofanya kazi yenyewe ya kusakinisha, na wewe uliandika injini nyingine, ya majaribio, ambayo mtu huiwasha akitaka? Wangeniombea. Nikasema hivi tu: stima ikipotea katikati ya kazi, kompyuta inaweza kuharibika isiwake tena, na Barasa alitengeneza kitu cha kuizuia isiharibike.

Walipiga makofi, rafiki yangu. Hakuna mtu nchi hii ambaye hajawahi kupotelewa na stima. Halafu mzee mmoja mwenye koti la kijivu akauliza kwa sauti kutoka ndani ya hema, "Na hiyo kitu iko wapi saa hii?" Nikamjibu kwamba iko, inatumika, na itaendelea kutumika. Nilisema hivyo nikiwa nimesimama kando ya jeneza lako, na sikuwa na shaka yoyote.

Haikupita muda nikapata ujumbe wa Marta, yule msimamizi mkuu wa mradi wa ile programu ya vifurushi ambaye mimi na wewe tulimjua kwa maandishi tu. Alianza kwa kutoa pole, na aliitoa vizuri, si kwa maneno ya kadi. Alikumbuka jinsi ulivyokuwa ukijibu kila swali hata la mjinga. Kisha akasema alichopaswa kusema. Injini ya majaribio haina tena mtu wa kuitunza. Ina kasoro moja ambayo haijatatuliwa. Kanuni ya mradi ni kwamba kitu cha majaribio kisicho na mtunzaji huondolewa kwenye toleo linalofuata. Kama kuna mtu yuko tayari kuichukua, ajitokeze, na aonyeshe kwamba kasoro hiyo imekwisha.

Hakuwa mbaya. Nilimkasirikia hivyo hivyo. Nilifunga kompyuta nikatoka nje, nikamgombeza mtu wa boda ambaye hakuwa amenikosea chochote. Unanijua. Hasira yangu ilikuwa kwako pia, nisikufiche. Mtu anakufaje na kazi iko mezani? Nilitaka kukupigia simu nikuulize hivyo, na nilikuwa nimeshaifungua namba yako nilipokumbuka.

Unaikumbuka ile Ijumaa ya geti? Mimi huikumbuka kila nikiingia kazini. Chumba chetu cha kompyuta pale chuoni Thika bado kiko ukuta kwa ukuta na darasa la kuchomelea vyuma, na mita ya stima bado ni moja. Wakianza kuchomelea, taa zetu hupepesa. Siku hiyo mwalimu wao alituapia kwamba hawana somo, tukaanza kuweka programu mpya kwenye kompyuta zote kwa mpigo, maana wanafunzi walikuwa na mtihani Jumatatu. Kumbe walikuwa wamebakiza geti la mteja. Swichi kuu ikaruka. Stima iliporudi, kompyuta zilikuwa nusu mpya, nusu ya zamani, na hakuna hata moja iliyowaka ikafika mwisho.

Mimi nilitaka kwenda kumvunjia mtu geti lake. Wewe ulikuna ndevu zako chache, halafu ukasema, "Njush, stima hupotea. Hiyo si news. Shida ni hii programu iliandikwa na watu stima yao haipotei." Wikendi nzima tulifanya kazi ya kurudisha zile mashine, tukila mahindi ya kuchoma, na kila nilipolaani wachomeleaji wewe ulikuwa umeshahamia mbali kwenye mawazo yako.

Wiki chache baadaye ulinieleza mpango mzima. Tulikuwa tumesimama kwenye balkoni ya nyumba yako Mwihoko, mwisho wa mwezi, wapangaji wa ploti wakihama. Chini kulikuwa na jirani aliyetoa kitanda chake cha zamani nje kabla kipya hakijafika, na mawingu yalikuwa yamekusanyika. Ukasema injini ya zamani huhama kama yule. Inatoa hiki, inaleta kile, na mvua ikinyesha katikati unalala sakafuni. Yako ingekodi chumba cha pili, ipange kila kitu humo, ifagie, na mwisho kabisa ibadilishe ufunguo. Ukikatizwa kabla ya ufunguo, bado uko kwako kwa zamani. Ukikatizwa baada yake, umeshahamia. Nilikuuliza kama kweli jambo lenyewe ni rahisi hivyo, ukasema rahisi ni kulisema.

Na jinsi ulivyoijaribu! Wenzetu kwenye mradi walikuwa wakiigiza kupotea kwa stima kwa programu ndogo. Wewe ulikataa. Ulisema pia kwamba mtu aliyeandika injini hafai kuvuta plagi mwenyewe, kwa sababu mkono wake utangoja wakati salama bila yeye kujua. Basi kazi ukampa mkeo. Unaanzisha usakinishaji, unamgeuzia mgongo, na Mama Neema anatoka jikoni wakati wowote anaojisikia, sufuria mkono mmoja, anavuta plagi kwa mkono ule mwingine, anaendelea na safari yake. Wewe unampigia makofi. Siku mchungaji wenu alipokuja kuwatembelea bila taarifa akaona hayo, alidhani mmekosana vibaya, akaanzisha maombi ya ndoa. Mlimwacha amalize, mkaitikia amina.

Kisha kulikuwa na ule ujumbe wako. Uliweka maneno ya kutokea kwenye skrini kompyuta ikiwaka tena baada ya kukatizwa: "Pole. Tulikatizwa, lakini hakuna kilichoharibika." Nilikupinga. Nilikuambia mashine haitoi pole, iseme tu hali ya diski iende zake. Ukanijibu, "Mtu alikuwa kwa kazi, stima ikaenda. Ameshtuka. Si kwanza apewe pole?" Nilikubali kwa sababu nilikuwa nimechoka kubishana. Ulikuwa umeshaanza kukonda wakati huo, na wote tulijifanya hatuoni.

Sasa, ile kasoro. Unaijua kuliko mimi, lakini wacha niiandike, maana nimeishi nayo. Ilitokea tu kwenye kompyuta yako ya nyumbani, ile ya mezani uliyoinunua ikiwa kuukuu tayari. Diski yake ni mwongo. Ukiiuliza kama imemaliza kuandika, inasema ndiyo, kumbe bado imeshika mizigo mkononi. Injini yako iliiamini, ikabadilisha ufunguo, Mama Neema akavuta plagi, na mlango ulipofunguliwa chumba kilikuwa kitupu. Si kila mara. Ingekuwa kila mara ungeimaliza mapema. Ilikuwa mara moja moja, siku ambayo ungeapa kwamba imepona.

Niliifungua kazi yako nikiwa na woga, kama mtu anayevaa koti la mwenzake. Nusu ya suluhisho ulikuwa umeshaiandika. Nilichoongeza ni kuilazimisha diski itue mizigo yote, halafu kwenda kukisoma kile chumba cha pili chenyewe, kona kwa kona, kabla ya kugusa ufunguo. Kwa kifupi, usimwamini mwongo, nenda ukaangalie. Ilinichukua muda mrefu, nikakosea njia zote ambazo wewe ungezikwepa, na mara nyingi nilisema kwa sauti, "Barasa, hapa ulikuwa unafikiria nini?" Nikajaribu kwenye kompyuta za chuo. Ikapita. Lakini diski za chuo husema ukweli, kwa hivyo kupita huko hakukuwa na maana yoyote. Marta naye aliandika hivyo hivyo, kwa upole: tunahitaji kuiona kwenye diski ile ile iliyoshindwa.

Na kompyuta yako ilikuwa haijazimwa tangu ulipopelekwa hospitali.

Uliiunganisha na ile betri ya gari ulipoanza kuugua, ili stima ikipotea uendelee kufanya kazi ukiwa kitandani. Hebu fikiria, mtu mwenye injini ya kustahimili stima kupotea akajificha nyuma ya betri. Ningekutania wiki nzima. Basi ile mashine iliendelea kuvuma sebuleni ulipoondoka, ikavuma ulipofariki, ikavuma tulipokupeleka Bungoma tukarudi bila wewe. Kwenye skrini kulikuwa na mstari uliouandika nusu, na kile kialama cha kuandikia kikipepesa pale ulipoachia. Mama Neema alikuwa akipangusa vumbi kuizunguka bila kugusa kibodi. Nilipomuuliza mara ya kwanza kama niizime ipumzike, alisema, "Shemeji, hiyo iwache tu. Nikisikia hiyo fan, najua nyumba haiko bure."

Ningemwambiaje, baada ya hayo, kwamba nahitaji kuja kuing'oa?

Sikumwambia. Nilikwenda Mwihoko Jumapili baada ya Jumapili nikiwa na visingizio. Nilipeleka avokado za mti wetu. Nilipeleka unga. Nilitengeneza bawaba ya mlango ambayo haikuwa na shida. Nilikaa nikitazama ile mashine kwa kona ya jicho, nikinywa chai, nikiaga. Toleo jipya lilikuwa linakaribia na kila mara nilimfikiria yule mzee wa koti la kijivu. Lakini kila nikifungua mdomo nilisikia ile feni.

Mwishowe ni yeye aliyefungua mazungumzo. Nilikuwa ndio kwanza naweka mfuko mezani. Akaniambia, "Shemeji, hizi avocado zimetosha. Sema kitu imekuleta."

Nikasema yote. Nilimweleza kuhusu Marta, kuhusu diski, kuhusu mzee aliyeuliza swali kwenye hema. Nilisema haraka haraka, kama nisemavyo. Alichukua vikombe akaenda kuviosha, na vilikuwa visafi. Aliporudi aliuliza, "Nikikataa?" Nikamwambia wataiondoa. "Na tukijaribu, ikatae?" Nikamwambia wataiondoa pia. Akajifuta mikono kwenye leso yake polepole sana. "Basi si wewe utavuta," akasema. "Ni mimi alikuwa anaambia."

Nilinakili kila kitu kwanza, picha zenu, sauti ya Neema akikariri mistari ya kanisani, kazi yako yote, kwenye flashi mbili, moja yake na moja yangu. Nilinakili hata ule mstari uliokatika. Kunakili si sawa na kuuacha wazi pale kwenye skrini, najua, na yeye pia alijua. Alisimama mbele ya skrini akausoma ingawa hauna neno hata moja la lugha ya watu, akausoma mpaka pale unapoishia. Akasema, "Alikuwa anaandika hapa nikamwambia uji umepoa." Halafu akanipisha nikae kwenye kiti chako.

Nilimwonyesha plagi ya kuvuta, ile ya kompyuta yenyewe inayotoka kwenye betri, ili betri isiiokoe, nikaanzisha usakinishaji kwa injini yako niliyoirekebisha. Nikageuza mgongo kama ulivyokuwa ukifanya. Mama Neema akaenda jikoni.

Alikaa sana. Nilisikia maji, nilisikia kijiko, nilisikia kimya. Nilidhani amebadili nia, na nakuambia kweli, sehemu yangu moja ilifurahi. Usakinishaji ulikuwa unaelekea mwisho, pale pale kwenye ufunguo, mahali pabaya kuliko pote, na nilitaka kupiga kelele kwamba asubiri kidogo. Nikauma ulimi. Nikasikia nyayo zake. Hakupita tu na sufuria kama zamani. Alisimama, akaweka kiganja juu ya ile kompyuta, pale kwenye joto, kama unavyopima homa ya mtoto. Kisha akainama akavuta.

Barasa, sikujua nyumba yenu ina sauti nyingine. Ile feni iliponyamaza, nilianza kusikia redio ya jirani, mtu akifua nje, watoto wa ploti wakigombania mpira. Mama Neema alikuwa amesimama na plagi mkononi, macho ameyafumba. Sikumwangalia sana. Nilikuwa nalia mimi mwenyewe, na haikuwa kwa ajili ya injini.

"Rudisha," nikamwambia. Akarudisha. Ile mashine yako ikajikohoza, ikafikiri, ikachelewa kama kawaida yake. Kisha skrini ikawaka na maneno yakatokea, na yeye ndiye aliyeyaona kwanza, maana mimi nilikuwa sioni vizuri. Hakuwahi kuyaona maisha yake yote. Uliyaweka mwishoni kabisa ukalazwa kabla ya kumwonyesha. Akayasoma kwa sauti, taratibu: "Pole. Tulikatizwa, lakini hakuna kilichoharibika."

Akaketi chini sakafuni, plagi ikiwa soketini, akacheka na kulia kwa pamoja. "Huyu mtu," akasema. "Huyu mtu, aki."

Nakiri nimeshindwa ule ubishi wa pole. Umeshinda ukiwa umelala, na sina pa kukata rufaa.

Nilikagua chumba kile cha pili. Kilikuwa kimejaa, kila kitu mahali pake. Lakini mara moja haitoshi, wewe mwenyewe ulikuwa ukinifokea kwa hilo, kwa hivyo tukaanza upya. Alivuta tena. Alivuta akiwa amebeba sufuria, alivuta akiniongelesha, alivuta nikiwa hata sijakaa sawa. Alivuta mpaka tukaacha kuhesabu na chai ikapoa. Ile kasoro haikurudi. Yule mwongo alisema uwongo wake kama kawaida, na injini yako ikaenda kujionea yenyewe. Mwishoni nilinyoosha mkono nirudishe plagi ili niiache mashine ikivuma kama nilivyoikuta. Mama Neema akanishika mkono. "Wacha sasa," akasema. "Ipumzike. Alikuwa amechoka."

Neema aliingia kutoka kucheza, akasimama mlangoni akauliza mbona nyumba imenyamaza. Mama yake akamwambia kazi ya baba imeisha leo, aende anawe mikono. Mtoto akaenda kunawa.

Nilimpelekea Marta kila kitu siku iliyofuata. Alijibu kwa maneno machache: injini inabaki. Akauliza mambo mawili. La kwanza, kama jina lako litolewe kwenye orodha ya watunzaji ili langu liwekwe. Nikamwambia hapana, langu liwekwe chini ya lako, nafasi ipo. Akakubali. La pili, kama sasa tuondoe neno "majaribio." Hapo nilijaribiwa, Barasa. Unajua nilivyo na haraka, na ingekuwa tamu kukuandikia kwamba limeondoka. Lakini nilisikia sauti yako ikisema kwamba halitoki mpaka injini ipite msimu mzima wa mvua Mwihoko, wakati nyaya zinapolia na stima inaenda na kurudi kama mtu aliyesahau kitu. Nikamwambia Marta tungoje.

Kwa hivyo mambo yako hivi. Kompyuta zote za chuo zinatumia injini yako sasa. Wachomeleaji wamepata mteja mwingine wa geti, na wiki jana swichi iliruka tena katikati ya kazi. Yule dada mpya aliyechukua meza yako, anaitwa Atieno, aliruka kutoka kitini. Mimi nilikaa tu. Skrini ziliporudi, chumba kizima kilikuwa kikipewa pole, mstari kwa mstari, na wanafunzi wakaanza kuuliza ni nani huyu anayewaambia pole. Nikawaambia ni Barasa. Ilibidi nitoke nje kidogo.

Mama Neema anaendelea. Ile kompyuta ameiwekea kitambaa juu. Ananiambia nyumba imekuwa kubwa, halafu ananiambia usingizi umerudi, na mimi nayapokea yote mawili. Hutaki nikudanganye, kwa hivyo nasema wazi kwamba bado ni vigumu. Kwangu pia. Nikiona jambo la kuchekesha mtandaoni bado naanza kukutumia.

Nenda salama, ndugu yangu. Mvua ndefu zikija nitashinda Mwihoko kila Jumapili, nitaiondoa ile betri, na Mama Neema atakaa karibu na plagi. Zikiisha na hakuna kilichoharibika, yeye ndiye atakayebonyeza kitufe cha kulifuta lile neno. Halafu nitakuja Bungoma, nimtafute yule mzee wa koti la kijivu, nimlete mpaka kaburini kwako, nimjibu tena swali lake, safari hii wewe ukisikia.

Wako,
Njuguna